Uzi: Kufua nyundo ya mhunzi yenye mapambo, kuanzia shafti ya lori hadi mpini

FundiKario
Wadau, habari za jioni. Kwenye uzi wa visu kuna watu walioniuliza ile nyundo niliyoshika pichani niliinunua wapi. Niliifua mwenyewe hapa Kariobangi Light Industries, nikisaidiwa na kijana wa kupiga nyundo kubwa. Maswali ya inboksi yamezidi, heri nijibu hapa mara moja. Nitaandika kwa mafungu kadiri kazi itakavyoniachia nafasi, kwa hiyo msinikimbize.

Msimamo wangu kwanza: nyundo ya mapambo isiyoweza kufua chuma kutwa nzima naihesabu kinyago. Pamba utakavyo, lakini ujue ni wapi nyundo inapigika na ni wapi inapumzika. Hilo nitalirudia mpaka mchoke.

Tuanze na chuma. Mimi hutumia hafu-shafti za lori zilizokatika, yale mafimbo ya chuma yanayozungusha magurudumu. Pale Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, hazikosi. Shafti za namna hiyo kwa kawaida zina kaboni ya asilimia 0.4 hadi 0.5 hivi, kiasi kinachotosha kuufanya uso uwe mgumu bila nyundo kupasuka ovyo. Ukikata sentimita 10 za shafti yenye kipenyo cha milimita 40, unapata karibu kilo 1 kabla moto haujala chake na kabla hujatoboa. Ikikamilika inabaki na gramu 850 au 900, uzito mzuri kwa mkono mmoja.

Nondo ya ujenzi haifai, na chuma laini cha mageti ndicho hakifai kabisa. Kama huna hakika na ulichonacho, kiguse kwenye grainda. Cheche za chuma laini ni mistari mirefu iliyonyooka; za chuma chenye kaboni hupasuka-pasuka mwishoni. Ukibaki na shaka, kata kipande kidogo, kipashe moto hadi sumaku ikikatae, kizamishe majini, kisha kipitishie tupa. Tupa ikiteleza bila kung'ata, umepata.

mzee_kobe
Kwa hiyo mtu aache nyundo ya hadiwea ya mia kadhaa, akanunue shafti iliyokatika, achome gunia zima la makaa, halafu apate nini? Nyundo. Haya. Sisi wengine tuna karo za kulipa.

FundiKario
Mzee wangu, hujalazimishwa. Ila nyundo ya hadiwea ni ya misumari. Uso wake ni bapa na kingo zake ni kali, kila ukiinamisha mkono kidogo inaacha alama ya nusu mwezi kwenye chuma cha moto, na wewe unashinda na tupa ukiziondoa. Nyundo ya mhunzi uso wake umebetuka kidogo, kingo zimeviringwa. Nikiiuza bila mapambo ni bei moja, yenye mapambo ni elfu nne na mia tano. Wanunuzi wangu ni watu wa visu, na siku hizi wapo pia wanaomnunulia fundi wao anapostaafu.

mzee_kobe
Elfu nne na mia tano! Sawa, endelea, nimekaa.

Bi_Chuma
Fundi, niongeze mawili kabla watu hawajakimbilia Kirinyaga Road. Ile fimbo ya shokabzoba inayong'aa inatamanisha, imenyooka na ni ngumu. Mng'ao ule ni wa kromiamu. Ukiichoma au ukiisaga unaweza kuvuta mvuke na vumbi la kromiamu, na aina yake inayotokana na moto inajulikana kuleta saratani ya mapafu. Chuma chochote kilichopakwa zinki nacho kisiingie jikoni. Ule moshi mweupe utakulaza na homa na kutetemeka usiku kucha.

La pili ni sheria. Kuna Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, biashara hii ina leseni yake. Na mnakumbuka Januari 2022 serikali iliposimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa sababu ya watu kung'oa vyuma vya nguzo za umeme na reli. Dai risiti. Mtu akikuletea kipande cha reli usiku kwa bei ya kutupa, mwache aende nacho.

Otis_254
Lakini dada, si nusu ya mafundi wa Kamukunji wanafulia juu ya kipande cha reli?

Bi_Chuma
Na vingi vya hivyo vilikuwa hapo kabla yako na yangu. Nasemea kile kinacholetwa leo usiku.

FundiKario
Asante Bi Chuma, hilo la shokabzoba nilisahau na ni la muhimu.

Tundu la mpini sasa. Nyundo nyingi huharibikia hapa.

Kipande kikiwa baridi, piga alama ya katikati kwa tindo pande zote mbili, alama yenye kina, ili uione hata kikiwa kinawaka. Kisha moto. Ngoja rangi ya chungwa inayoelekea njano, nyuzi 1,100 hivi, na ikifika usitoe mara moja. Nje huiva kabla ya ndani. Ukitoboa wakati kiini bado ni chekundu kizito, panchi, yaani chuma cha kutobolea, inakwama, na mashavu, zile kuta mbili za pembeni mwa tundu, yanachanika.

Panchi yangu ina ncha ya umbo la yai, bapa chini, unene milimita 8 na upana 20 hivi. Mapigo manne matano ya nyundo kubwa, toa panchi, ichovye majini, mimina vumbi la makaa ndani ya tundu, irudishe. Lile vumbi linawaka mle ndani na gesi yake haiachi panchi inatane. Msiliruke. Ukifika kina cha theluthi mbili, geuza kipande uangalie chini: utaona doa lililofifia rangi, mahali panchi ilipobana chuma dhidi ya reli kikapoa kidogo. Weka panchi juu ya doa hilo. Wenye fuawe la duka watatumia tundu lake. Sisi wa reli tunaweka nati kubwa chini, na kijipande kinadondokea humo.

Baada ya hapo ni kipanulio, chuma kirefu cha umbo la yai kinachochongoka polepole. Kipitishe upande mmoja, kisha upande wa pili, usikivushe moja kwa moja. Unataka tundu liwe na kiuno katikati na midomo mipana juu na chini, maana kabari ikishafungua mbao kule juu, mpini hauwezi kurudi kupita kiuno. Kipanulio kikiwa bado ndani, piga mashavu. Yanatanuka, yanakuwa membamba, na hapo kipande cha shafti kinaanza kuwa na sura ya nyundo.

Kwa wasiojua tunavyosikilizana na mpiga nyundo: nagusa mahali kwa nyundo yangu ndogo, yeye anapiga papo hapo. Nikigonga reli tupu, anaacha. Kwa kelele za Light Industries hata ukipayuka hakuna atakayekusikia.

Mjukuu_wa_Muturi
Huo utaratibu wa kugusa na kupiga niliuona kwa babu, Murang'a, na yeye aliukuta. Aturi, yaani wahunzi wa Kikuyu (mmoja ni muturi), zamani walikuwa wakichota mchanga mweusi wa mitoni, wanauosha mpaka inabaki ile mbegu nzito ya chuma, ndipo wanayeyusha kwa makaa na viriba vya kupulizia moto. Laana ya muturi iliogopwa kweli kweli. Watu walimhitaji kwa panga na mkuki, na bado hakuna aliyetaka kumkorofisha. Wamasai nao walikuwa na Ilkunono, wafua chuma wao, waliotegemewa kwa mikuki na sime huku koo nyingine zikikataa kuoana nao. Na Wasamia kule Busia majembe yao yalijulikana mbali. Nashangaa mtu anaposema kufua ni kitu cha kuiga mtandaoni.

Otis_254
Na nyundo za babu zilikuwa na mapambo?

Mjukuu_wa_Muturi
Ya babu ilikuwa na mistari mitatu shingoni. Nilipomuuliza alisema ni ya kuitambua ikiibwa.

MtuWaTanga
Wakuu wa Nairobi, tumesoma kaboni, tumesoma tundu, tumesoma laana. Mapambo lini?

FundiKario
Subira, mkuu. Sasa.

Pambo kubwa kuliko yote halihitaji chapa wala shaba: ni umbo lenyewe. Nachukua chuma cha mviringo kilichokunjwa kati mithili ya koleo la kuokotea makaa, shingo ya nyundo inakaa katikati ya miguu yake miwili, kijana anapiga juu. Unapata mfereji pande mbili kwa mpigo mmoja, kati ya mashavu na uso. Geuza robo, piga tena. Halafu pembe zote nne za shingo zinalazwa hadi shingo iwe na pande nane. Fanya hayo tu kwa usafi na mtu atakuuliza uliinunua wapi.

Halafu kuna kusokota. Shingo ya upande wa mkia, nikisema mkia ni ule upande mwembamba, ukiiacha na pande nne unaweza kuipasha sawasawa, ukabana mashavu kwenye jiliwa na kuzungusha mkia kwa spana kubwa. Hesabu kabla hujazungusha! Mkia uliokingama mpini ukiuzungusha robo duara, unalala sambamba na mpini, na hiyo ni nyundo nyingine kabisa kwa matumizi. Ukizungusha nusu duara unarudi ulikoanzia, ila moto uwe wa kutosha na usawa, la sivyo shingo inasokotekea mahali pamoja tu.

Chapa nimechonga kwa tupa kwenye vijiti vya vali kuukuu za injini. Vali ya moshi imetengenezwa kuvumilia joto, kwa hiyo chapa hailegei upesi. Ninazo mbili ninazozipenda. Moja ni waridi la milango ya Lamu, lile duara lenye majani yanayotoka katikati. Linakaa vizuri shavuni, moja kila upande. Nyingine ni patasi butu tu: mistari mifupi iliyoinama kushoto, safu ya pili imeinama kulia, ya tatu kushoto, na ukizungusha shingo nzima unapata ufumaji wa kiondo, lile kapu la kusukwa. Hii ya kiondo inaonekana rahisi na ndiyo inayonitoa jasho, kwa sababu safu zisipokutana pale zilipoanzia kila mtu ataona.

Na ninarudia: mapambo yakae mashavuni na shingoni. Sentimita mbili za mwisho kuelekea usoni ziachwe wazi. Patasi iwe na ncha ya mviringo ili chini ya mstari pasiwe na kona kali. Chuma kikishtuliwa na maji, ufa huanzia kwenye kona kali.

Otis_254
Mimi nilidhani ungeweka fuvu, au kichwa cha mbwa mwitu kama wale jamaa wa YouTube.

FundiKario
Mbwa mwitu nimemwonea wapi mimi? Ukitaka mnyama nitakuwekea fisi wa mbuga ya Nairobi, huyo tunafahamiana.

KijanaWaDandora
Swali la kutia ugumu. Mimi niliona mzee mmoja akizamisha nyundo nzima, nyekundu, kwenye debe la oili chafu ya gari. Akatoa, akatia mpini, basi. Hiyo ni sawa?

Bi_Chuma
Hapana. Kwanza oili iliyotumika ina mabaki ya metali na masizi ya injini, na moshi wake unauvuta wewe. Mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60 yanafanya kazi nzuri zaidi na hayanuki kifo. Pili, ukizamisha nyundo nzima unalitia ugumu hata eneo la tundu. Mashavu ni membamba, yanabeba mtikisiko wote wa kila pigo. Yanatakiwa yawe laini. Yakiwa magumu yatakatika siku moja, na kichwa cha nyundo kitakwenda kinakotaka.

Maji au mafuta? Inategemea shafti. Ya kaboni tupu inataka maji. Ila shafti nyingi za lori zina kromiamu na molibdenamu ndani ya chuma chenyewe (hiyo si ile ya kupakwa, msiogope), na aina hiyo ukiitia majini inaweza kupasuka kwa mlio utakaousikia. Kwa hiyo kata kipande cha majaribio kutoka shafti ileile. Anza na mafuta. Tupa ikiteleza, baki na mafuta. Tupa ikiendelea kung'ata, nenda majini.

FundiKario
Umenipunguzia kazi. Naongeza utaratibu wa mkono.

Ukimaliza mapambo, chuma kimechoka na chembe zake ndani zimekua kwa moto mwingi. Kipashe hadi sumaku iachie, inaachia kwenye nyuzi 770, pita hapo kidogo, kiache kipoe hewani hadi weusi. Rudia mara tatu, kila mara moto upungue kidogo. Ndipo nasaga uso na mkia, nauviringa uso, natoa alama zote za grainda kwa msasa.

Kisha napasha nyundo yote hadi juu kidogo ya pale sumaku ilipoachia. Nashika mashavu kwa koleo, nachovya uso sentimita mbili hivi nikikoroga, sekunde chache, nageuza, nachovya mkia, narudi usoni. Zamu kwa zamu mpaka wekundu wa mashavu uzimike wenyewe. Kukoroga ni lazima, ukituliza mkono mvuke unauvika uso na maji au mafuta hayaugusi.

Sasa uso ni mgumu kupita kiasi na unaweza kumeguka, kwa hiyo lazima upunguzwe. Nasugua uso na mkia kwa msasa hadi ving'ae, halafu napasha kipanulio hadi chekundu na kukiingiza kwenye tundu. Joto linatambaa kutoka katikati kwenda pande mbili na unaliona kwa rangi: kwanza manjano ya majani makavu, nyuzi 220 au 230, kisha kahawia, 250 na ushee, kisha zambarau, 270 na kitu, kisha buluu. Uso nausimamisha kwenye kahawia kwa maji. Mkia nauacha ufike zambarau kwa kuwa ni mwembamba na unahitaji ustahimilivu zaidi. Fanyeni kivulini, juani rangi hizi hamtaziona. Ajabu kidogo kwa mtu wa jua kali, lakini ndivyo.

Shaba ya manjano, kwa wanaoitaka, inaingia baada ya hapa. Mashavu yamebaki laini, kwa hiyo unachonga mfereji mwembamba kwa patasi, unaupanua chini kuliko juu, unalaza waya wa shaba na kuupigilia hadi ujaze, kisha tupa. Ukiitia kabla, moto wa kutia ugumu utaichafua na kuilegeza.

MtuWaTanga
Hili la kipanulio cha moto kwenye tundu ni zuri sana. Sisi tulikuwa tunatumia oveni ya jikoni na mke wangu hanisemeshi.

Mchonga_Gikomba
Nimesoma kimya, lakini mpini ni kazi yangu, mniruhusu. Mimi nachonga Gikomba.

Mkaratusi ndio unaouzwa kila mahali na si mbaya, mradi umekauka kwelikweli. Mwingi unaouzwa ni mbichi ndani. Utatia kabari leo, kiangazi nyundo itakuwa inacheza. Mpingo ni mzuri kwa macho, ni mzito na hauna unyumbufu, mkono utakuuma. Ukipata mutamaiyo, ule mzeituni wa mwituni, uliokufa na kukauka wenyewe, mshukuru Mungu.

Tazama mistari ya mti mwishoni mwa ubao. Iende sambamba na mwelekeo wa pigo, kutoka usoni kwenda mkiani. Ikikingama, mpini utapasuka kama ubao wa sanduku. Mistari isikimbilie pembeni katikati ya urefu. Sentimita 35 hadi 40 zinatosha. Kabari ya mbao ngumu ikae kwa urefu wa tundu, kisha kijikabari cha chuma cha mshazari juu yake. Na msipake vanishi, jamani! Vanishi inaleta malengelenge. Mafuta ya kitani, paka, futa, acha siku, paka tena.

mzee_kobe
Mchonga, mpini mtupu wa mutamaiyo unauzaje?

Mchonga_Gikomba
Pita tuone mkono wako kwanza. Mpini unachongwa kwa mkono wa mtu.

KijanaWaDandora
Fundi, na ile rangi nyeusi yenye dhahabu kwa mbali, pale kwenye waridi? Ni rangi ya kopo?

FundiKario
Hapana. Weusi ni magamba ya moto niliyoyaacha, nikasugua kwa brashi ya waya ili yale yaliyolegea yatoke. Dhahabu ni ya brashi ya shaba ya manjano: chuma kikiwa cha moto lakini hakijaanza kuwaka, ukisugua kinachukua utando mwembamba wa shaba, na utando huo unabaki kwenye sehemu zilizoinuka. Hii ifanye kabla ya kutia ugumu na ukubali kwamba sehemu itapotea, au uguse mashavu tu wakati kipanulio cha moto kiko ndani, ukiangalia rangi za uso zisikukimbie. Mwisho ni nta ya nyuki chuma kikiwa vuguvugu, futa kwa kitambaa. Usoni usipake kitu.

Na kitu kimoja cha usalama kwa anayenunua au kufua: usigonganishe nyuso za nyundo mbili, hata kwa mzaha. Ugumu kwa ugumu unarusha kipande, na kipande hakichagui jicho. Miwani ivaliwe na mpiga nyundo pia, siyo fundi peke yake.

MtuWaTanga
La mwisho kwangu. Huku makaa yamepanda bei, nimepata jiko la gesi la chupa lenye mdomo mmoja. Litafikisha kipande cha milimita 40?

FundiKario
Litafikisha kama ndani umelipaka udongo wa kuvumilia moto na mlango ni mdogo. Shida ni muda: kipande kinene kitachukua muda mrefu zaidi kuliko kwenye makaa yenye feni, na chupa ndogo ikitoa gesi kwa kasi inapoa hadi kuganda barafu nje, presha inashuka. Ikae kwenye beseni la maji ya kawaida, yasiwe ya moto. Mimi kutoboa nafanyia makaa, ya mgunga yale mazito, na gesi naiacha kwa kutia ugumu kwa sababu moto wake ni wa usawa. Kama una moja tu, anza na shafti ya milimita 30 utengeneze nyundo ndogo ya mapambo yenyewe, ile ya kupigia chapa. Utaihitaji hata hivyo.